Upana wa Ukurasa wa Baba

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kabla sijamtengenezea mtu chochote huwa namuuliza swali moja: unataka ukurasa wenye upana uliofungwa, au upana unaonyumbuka? Wengi hunikodolea macho. Mwenye gesti mmoja hapa Nyahanga, Kahama, aliniambia, "Dada, mimi nataka vyumba vijae, hayo mengine utajua mwenyewe." Basi nikamweleza. Upana uliofungwa maana yake ukurasa una kipimo chake, kama kalenda. Uitundike sebuleni, uitundike jikoni, ni ileile. Kila kitu kinakaa pale ulipokiweka. Shida ni kwamba mtu akiufungua kwenye simu ndogo, kioo kinamwonyesha kipande tu, na kilichobaki kimekwenda upande wa kulia, hakioni mpaka auvute kwa kidole. Unaonyumbuka unajikunja na kujinyoosha kufuata kioo. Kwenye kompyuta unatanuka. Kwenye simu vitu vinashuka kimoja chini ya kingine, picha zinapungua, maneno yanahama mstari. Hakuna kinachofichwa, lakini pia hakuna kinachobaki mahali pake.

Siku hizi mafundi wenzangu hawaulizi tena. Watu wa Kahama, wa Geita, wakulima wa tumbaku kule Ushetu, wote wanaingia mtandaoni kwa simu, kwa hiyo unanyumbusha, umemaliza, unakwenda kula. Mimi bado nauliza, na mteja aking'ang'ania upana wa kufunga nakasirika kuliko inavyostahili. Juzi juzi nimemfokea dalali mmoja wa almasi ambaye hakuwa na kosa lolote. Alitaka tu ukurasa wake ufanane na tangazo alilobandika ofisini kwake. Nilimfokea mpaka akaniuliza kama nimeamka salama. Nikamwomba radhi, nikatoka, nikaenda kulia nyuma ya fremu ninayofanyia kazi, ambako watu hutupa maji ya kuoshea vyombo. Si yeye niliyekuwa namfokea. Nilikuwa namfokea baba, na baba hayupo.

Baba alikuwa mpiga chapa. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Shinyanga mjini, tangu enzi za kupanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Zikaja mashine nyingine, akajifunza. Zikaja kompyuta, akasema sasa inatosha. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za vyama vya pamba, vyote vilipita mikononi mwake. Nyumbani kwetu Maganzo hatukuwa na mengi, lakini karatasi tulikuwa nazo. Tuliandikia hesabu za shule kwenye vipande vilivyokatwa kando ya kalenda za watu. Na alikuwa na tabia moja ya kutuaibisha. Hakuweza kuona kitu kimekaa upande asikinyooshe. Anaingia kwa watu kutoa pole, badala ya kukaa anaanza kunyoosha picha ya marehemu ukutani. Mama alikuwa akimfinya mbele za watu bila kuficha.

Tulikuwa watoto watatu: kaka wa kwanza, dada wa pili, mimi kitinda mimba. Kaka alikwenda Geita kwenye dhahabu akiwa bado kijana, na tangu hapo hakuwahi kurudi nyumbani kwa maana ya kurudi. Alikuwa anakuja tu. Anakuja na sukari na vitenge vya mama, anajaza nyumba kelele, halafu akisikia kuna rashi mahali, yaani dhahabu imeonekana porini na watu wanaikimbilia, anachukua begi lake anaondoka hata chai hajamaliza. Baba hakuupenda uchimbaji, ila alimpenda kaka. Hilo naliandika wazi kwa sababu kwenye ukoo wetu wapo ambao mpaka leo wanabisha.

Mama alipofariki, kaka alikuwa duarani. Duara ndilo shimo lenyewe wanaloshuka kuchimba. Lao lilikuwa limekaribia kutoa, mwamba umeshaanza kuonyesha dhahabu, na wachimbaji wana mambo yao: duara likifika hapo mtu haondoki kwenda kuzika. Wanaamini anayekwenda makaburini anaondoka na bahati ya wenzake, na akirudi hawamshushi tena. Wapo wasioamini, lakini hata hao hawaondoki, maana wenzao wanaamini. Kaka alinitumia ujumbe: "Nakuja. Wananizuia, lakini nakuja." Tukamsubiri. Mchungaji naye akasubiri. Jua likaanza kushuka, watu waliotoka mbali wakawa wanaangalia saa na kujifanya hawaangalii. Hakuja.

Tukaenda kuzika. Baba akachukua udongo. Kwetu baada ya mume anafuata mtoto wa kwanza, na watu bila kuambiwa walikuwa wamemwachia kaka nafasi yake pembeni ya kaburi, pako wazi. Baba akasimama na udongo mkononi, akaitazama ile nafasi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa akina mama waliokuwa nyuma, "Mimi na marehemu tulijaliwa watoto wawili. Ni hawa hapa." Akatuonyesha, dada na mimi. Kisha akatupa udongo.

Sijui kwenu, lakini kwetu neno alilolisema mtu mwenye udongo wa kaburi mkononi halihesabiwi kuwa la hasira. Haliishi mkilala mkaamka. Wala halifutwi kwa kunong'ona. Limesemwa mbele za watu, litarudishwa mbele za watu. Kaka alilipata kabla giza halijaingia, maana kwa kupeleka habari mbaya ndugu zetu hawana mpinzani. Akajitoa kwenye kundi la familia la simu. Laini yake ikawa haipatikani, na ile nyingine, na ile nyingine tena.

Baba alijuta. Hakusema amejuta, hakuwa mtu wa kusema hivyo, ila alianza kuulizia habari za Geita. Yeyote aliyepita akitokea huko alikamatwa akalishwa. Dada, ambaye alikuwa anaishi naye, alinipigia simu akacheka kwa uchungu: "Mzee leo kamuuliza dereva wa lori kama huko mvua imenyesha. Anataka kujua kama mwanaye ameloa." Halafu kifua kikamkamata baba. Pumzi ikawa fupi, hospitali wakatueleza kwa upole kwamba tujiandae, nasi tukajifanya hatujaelewa.

Nilikwenda Maganzo mwisho wa wiki moja nikamkuta barazani, amevaa sweta na jua linawaka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu." Aliniita mayu, mama, tangu nikiwa mdogo, kama Wasukuma wengi wanavyowaita binti zao. Alivuta pumzi, akasubiri itulie. "Huko unakoweka kurasa zako, nani anaona?"

"Yeyote, baba. Mwenye simu na bando anaona."

"Hata watu wa ukoo?"

"Hata wao."

"Basi hao ni watu," akasema. "Nataka unitengenezee ukurasa. Nataka kurudisha lile neno."

Mimi nina domo, najijua. Nikamwambia baba, mbona tunazunguka, nitamtafuta kaka kwa njia yoyote, nikimpata nakupa simu unamwambia rudi, kazi imekwisha.

"Uliniona nikimkataa kwenye simu?" akaniuliza.

Alitaka kusimama kanisani, au kwenye kikao cha ukoo, na hakuweza. Kusalimia watu wawili kulimmaliza pumzi. Alichokuwa nacho ni mimi na kompyuta yangu. Na alichotaka kilikuwa kimoja tu: kaka aje akiwa yeye bado yuko hai.

Picha aliyoitaka ilikuwa ya siku niliyomaliza chuo. Tulipigwa mbele ya nyumba, mstari mmoja mrefu. Kushoto baba, kisha mama, kisha mimi na joho langu la kuazima, kisha dada. Halafu kuna nafasi, ukuta mtupu, ndipo kaka amesimama mwisho kabisa upande wa kulia, begi begani, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda na mpiga picha hakutaka kungoja. "Alichelewa," baba alisema akiigusa ile picha, "lakini alifika."

Nikamtengenezea kama ninavyomtengenezea mtu yeyote mwenye akili zake, ukurasa unaonyumbuka. Nikampa simu aone. Picha yote ilikuwa imeingia kwenye kioo, wote watano. Baba akavua miwani, akaivaa.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, baba."

"Na huyu wa mwisho?"

"Kaka."

"Ana uso?"

Kweli hakuwa na uso. Alikuwa na doa. Baba akasema mtu ukimrudisha nyumbani unamrudisha na sura yake. Nikajaribu njia ya pili, nikatukata kila mmoja picha yake ili kwenye simu tushuke mmoja chini ya mwingine, kila mtu mkubwa na anaonekana vizuri. Hiyo ilimwudhi zaidi. Kaka alikuwa amekwenda chini kabisa, chini yangu mimi. "Mtoto wangu wa kwanza akae kwenye miguu yako?" Nikasema si shida, nampeleka juu. "Hakusimama juu. Alisimama pale. Usiongope kwenye picha."

Akaomba rula yake. Akaiweka juu ya kioo cha kompyuta yangu, akapima. Ukurasa uwe na upana huu, picha iwe na upana huu, na usinywee hata kidogo. Chini ya kila mtu jina lake. Na chini ya kaka, chini yake hasa, upande ule wa kulia, yakae maneno aliyokuwa ameshayatunga kichwani: Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Nilisema kaburini kwamba ninao wawili. Nilisema uongo mbele za watu. Ninao watatu. Mwanangu, njoo nyumbani nikuone.

"Baba, kwenye simu upande huo hauonekani. Mpaka mtu avute."

"Si atavuta."

"Si kila mtu anavuta."

Akachukua simu yangu nilipokwisha kuupanga alivyotaka, akaanza kupitisha kidole kimoja juu ya picha, taratibu. Kwenye kioo changu, begi la kaka lilikuwa limechungulia pembeni tangu mwanzo. Akapita kwake mwenyewe, akapita kwa mama akasimama kidogo, akapita kwangu na kwa dada, akavuta, akafika kwa kaka, uso mzima. "Si huyu hapa?" akasema. "Ukienda kwenye msiba unapita mstari, unampa kila mtu mkono. Unaishia katikati? Waje mpaka kwake. Watembee mpaka kwake."

Nikasema basi hayo maneno tuyaweke kushoto, ukurasa ukifunguka tu mtu anayaona. Akasema maelezo ya picha yanakaa chini ya mwenyewe, amewafanyia hivyo watu wa nje maisha yake yote, hawezi kumkosea mwanaye. Nikasema niweke walau mshale, kuonyesha kwamba kuna kinachoendelea. "Mshale ni wa kuelekeza choo," akasema. Dada akacheka, na mimi nikaifunga kompyuta kwa nguvu nikatoka nje. Watu wa kazi yangu wakisoma hapa wataniambia ningefanya hivi, ningefanya vile. Najua. Kuna njia nyingi, nazijua zote, na zote nilimwambia. Dada alinifuata uani akanisema kwa sauti ya chini: "Mzee ana pumzi ngapi za kubishana na wewe? Mfanyie anavyotaka." Nikarudi ndani nikaufunga upana, kipimo cha rula.

Ukurasa ukaenda hewani. Nikatuma linki kwenye kundi la familia, na simu zikaanza. Shangazi wa Ushetu alipiga akilia. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwapo makaburini alipiga kusema ameona, amesoma, neno limerudi. Baba alizipokea simu zote mwenyewe, pumzi zote akazimalizia humo, na jioni akaniambia, "Wabeja gete, mayu." Asante sana. Sijawahi kulipwa kwa kazi ya ukurasa nikafurahi vile, na nilikuwa bado nimekasirika.

Akabaki mwenyewe, kaka. Kuna mama lishe, mtu wa kwetu Maganzo, aliyekuwa anauzia wachimbaji chakula kule Geita, kwenye mialo wanakosafishia dhahabu. Alisema kaka anakula kwake akiwa maeneo yale. Nikataka kumweleza kilichomo ili amwandae. Baba akakataa. "Akiambiwa na mtu, inakuwa maneno ya mtu. Asome mwenyewe." Kwa hiyo nikamwandikia yule mama kwa kifupi tu: huu ni ukurasa wa baba, mwonyeshe kaka. Akajibu, "Akija kula nampa simu yangu."

Akaja kula. Yule mama akanipigia. "Ameuangalia muda mrefu," alisema. "Kanirudishia simu, hakusema kitu. Na ugali kauacha."

Mimi nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Mtu aliyeguswa ndivyo anavyofanya, hali, hasemi. Nikampigia baba palepale, nikamwambia kaka ameuona, mama lishe anasema ameuangalia sana. Upande wa pili nikamsikia akimwita dada amletee maji ya kunyolea.

Alisogezewa kiti mpaka ukingoni mwa uwanja, karibu na barabara, apate kuona mabasi ya kutoka Mwanza, ndiyo njia ya mtu anayetoka Geita. Mabasi yalisimama, yalishusha watoto wa watu, yaliondoka. Mwanzoni alikuwa na utani. Basi likipita bila kusimama alisema, "Hilo halina mtu wetu, limejaa matikiti." Dada alimfunika blanketi asubuhi na kumwekea mwavuli mchana. Nilikuwa nakwenda kila nilipopata nafasi, nakaa naye tunatazama barabara, hatuongei sana. Siku zikaenda. Utani ukaisha. Nikampigia mama lishe, akaniambia kaka hayupo tena. Siku ileile aliyouona ukurasa alichukua begi akaenda kwenye rashi mpya, porini huko, simu hazishiki, na hakuaga mtu.

Nilimwambia baba. Nilifikiri atauliza kitu. Alitazama barabara kidogo, akaomba tumrudishe ndani, na kile kiti hakutaka tena kitolewe. Alifariki asubuhi moja dada akiwa jikoni anakoroga uji.

Tangazo la redio niliandika mimi. Nikaanza na kaka, mtoto wake wa kwanza, aliyeko machimboni Geita, popote alipo habari zimfikie, kisha dada, kisha mimi. Tukamsubiri tena, na safari hii pia watu waliangalia saa. Tukazika.

Alifika tumeshazika, matanga bado. Nilimwona akiingia uwanjani na begi lake, amekonda, vumbi la mawe limekaa kwenye mikunjo ya shingo kiasi kwamba hata angeoga lisingetoka. Akawaamkia shangazi zetu mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, wakaitika kwa shida. Hakwenda kukaa kwenye mkeka wa wafiwa. Alikwenda kukaa pembeni, na majirani waliokuwa wanapasua kuni. Dada akamfuata, akamwambia nafasi yako iko kule. Akasema, "Hapa panatosha." Akachukua shoka akaanza kupasua.

Nilivumilia mpaka mchana. Kisha nikashindwa. Nikamwendea mbele ya wale majirani, sikumsalimia, nikamwambia, "Uliuona ukurasa. Mama lishe alinipigia, aliniambia umeuona. Ukaondoka. Mzee amekaa barabarani kama mpiga debe anakungoja, wewe umekwenda kufuata rashi."

Akaweka shoka chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Niliuona," akasema. "Si ndiyo maana niliondoka. Lile neno la kaburini nililivumilia, nikasema mzee alikuwa na uchungu, litaisha. Halafu mnanitumia picha. Mzee, mama, wewe, na dada. Na majina chini. Mimi sipo. Nikasema haya, sasa wameitangazia dunia nzima." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Nisingekuja hata leo. Ila redioni nilisikia nimetajwa."

Nikamwomba dada simu yake. Ile ni simu ndogo, ya bei rahisi, kama ya yule mama lishe, kama za watu karibu wote wa kule. Nikaufungua ukurasa na kwa mara ya kwanza nikauona kwa kioo kile. Baba, mama, mimi, dada, ukuta. Kioo kilikuwa kimekatia kwenye ile nafasi tupu. Kama kingekata bega la mtu, ungejua kuna mtu. Kwenye simu yangu kubwa begi lilichungulia. Hapa hapakuwa na begi, hapakuwa na kitu, palikuwa na familia ya watu wanne imekaa vizuri, imetosha, na pembeni kidogo ya ukuta kama pambizo safi ambayo baba angeisifu. Ungevuta kwa nini? Na yeye, aliyekwisha kuambiwa hayumo, angevuta kumtafuta nani?

Nilishika simu mbele yake nikauvuta ukurasa kwa kidole. Kwenye kioo dada akaondoka, ukuta ukapita, akaja yeye na begi lake, kijana, amekunja uso kwa jua. Na chini yake maneno.

Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi akaanza tena. Majirani walikuwa wamejisogeza mbali na kuni zao. Dada alikuwa amekaa chini, amejifunika uso kwa khanga.

"Haya yalikuwepo?" kaka akaniuliza. "Siku ile niliyoangalia?"

"Yalikuwepo."

"Ameandika yeye?"

"Neno kwa neno."

Akaendelea kuishika ile simu. Kioo kikazima, akakiwasha, ukurasa ukawa bado uko pale pale, kwake.

"Mzee alijua kwamba nimeuona?"

Haki ya Mungu, nilitamani niwe mwongo. Watu wengine wanaweza, yanawatoka tu, na wanawaponya wenzao. Mimi sijajaliwa.

"Alijua," nikasema. "Nilimwambia mimi."

"Akangoja?"

"Akangoja."

"Halafu? Alipoona siji?"

Nilimweleza. Kwamba siku tuliyomrudisha ndani na kiti chake, nilianza kumlaani kaka kwa sauti, na baba akaninyamazisha kwa mkono. Akasema, "Mwache. Nimemwomba mbele za watu, amekataa. Ana haki."

Kaka alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha nyingine.

"Haki ya nini?" akasema. "Mimi ningekuja kwa miguu."